Pumzi 26: kumsoma mgonjwa aliyetoka thieta

Chukua chati ya mgonjwa wa mfano. Ni mvuvi wa Faza, miaka 58, kilo 60, aliyevushwa hadi Lamu na ngiri iliyojinyonga, akapasuliwa jioni na kipande cha utumbo kilichokufa kikakatwa. Saa 3 usiku presha yake ni 118/76, mapigo 92, pumzi 18, oksijeni 97, joto 37.1. Saa 6 presha ni 114/78, mapigo 104, pumzi 22, oksijeni 96, joto 36.8. Saa 9 presha ni 108/84, mapigo 116, pumzi 26, oksijeni 95, joto 36.2, na mkojo wa saa nzima iliyopita ni mililita 15. Yu macho, anajibu, hajalalamika.

Anayetazama presha peke yake ataona mtu asiye na neno. Anayejua kuisoma chati ataona mtu ambaye huenda anavuja damu tumboni, na ambaye alianza kutoa habari hiyo tangu saa 6.

Mtu mzima ana damu ya takriban mililita 70 kwa kila kilo, kwa hiyo mvuvi huyu ana lita 4 na kidogo. Akipoteza nusu lita ya kwanza, mwili hufanya afanyavyo mwenye nyumba tangi linapopungua: hufunga mifereji isiyo ya lazima. Mishipa ya ngozi hubana, ya utumbo hubana, ya figo hubana, moyo huongeza kasi, na presha ya juu hubaki karibu na pale pale. Huanza kuporomoka wazi wazi karibu theluthi moja ya damu ikishatoka, na hapo mwili hauna akiba tena. Muuguzi anayesubiri presha ishuke ndipo aite daktari amesubiri dalili ya mwisho.

Kubana huko huacha alama zake. Presha ya chini hupanda, kwa hiyo pengo kati ya namba mbili hupungua: hapa lilikuwa 42, likawa 36, likawa 24. Mapigo yamepanda kila kipimo. Mkojo umepungua, mtu mzima hutarajiwa kutoa angalau nusu mililita kwa kila kilo kwa saa, yaani 30 kwa mtu wa kilo 60, na huyu ametoa nusu ya hiyo. Na saa 9 mapigo yake, 116, yameshaipita presha ya juu, 108. Hili la mwisho halitaki hesabu wala fomu. Mapigo yakiipita presha ya juu kwa mtu aliyepasuliwa, chukulia kwamba anapungukiwa damu au maji mpaka upate ushahidi wa kinyume.

Lakini dalili iliyo nyepesi kutangulia, na iliyo nyepesi kupuuzwa, ni pumzi. Viungo visipopata damu ya kutosha hutengeneza asidi, na mwili hujaribu kuipunguza kwa kutoa hewa ya kaboni upesi upesi kupitia mapafuni. Ndiyo maana mtu mwenye mapafu mazima anaweza kupumua mara 26 kwa dakika huku oksimita, kidude cha kidoleni kinachopima oksijeni, ikisoma 95. Mapafu hayana kosa. Yanalipa deni la mahali pengine.

Hupuuzwa kwa sababu ndogo tu: hazina mashine. Presha hutoka kwenye kioo, oksijeni hutoka kwenye kioo, pumzi hutaka mtu asimame akahesabu. Basi hukisiwa. Chati ambayo kila mgonjwa wa wodi anapumua mara 20 ni chati iliyokisiwa, na ni afadhali kisanduku kibaki kitupu kuliko kuandikwa hivyo, maana kitupu humfanya wa zamu inayofuata ahesabu.

Hesabu dakika nzima. Ukihesabu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, kosa la pumzi moja huwa kosa la nne, na nne zatosha kumtoa mtu kwenye hatari au kumtia. Mgonjwa asijue, kwani akijua atabadilisha: shika kifundo cha mkono kama ambaye bado unahesabu mapigo, macho yako yawe kifuani. Kwa mwanamke aliyejifunika leso au buibui, omba ruhusa umwekee mkono mwepesi juu ya mbavu, nguo ikiwa palepale. Kama hapendi kuguswa na mwanamume, aitwe muuguzi wa kike. Heshima haizuii kipimo, ila muuguzi akiona haya asiombe ruhusa, kipimo hukosekana.

Alama na mipaka yake

Mwaka 2012 Royal College of Physicians ya Uingereza ilitoa mfumo wa alama wa kupima hatari ya mgonjwa mzima, ikaurekebisha 2017. Huitwa NEWS2. Pumzi 12 hadi 20 ni sifuri, 21 hadi 24 ni alama 2, 25 na kuendelea ni 3. Mapigo 51 hadi 90 ni sifuri, 91 hadi 110 ni 1, 111 hadi 130 ni 2. Presha ya juu ya 101 hadi 110 ni 1, 91 hadi 100 ni 2, 90 na chini ni 3. Oksijeni 96 na juu ni sifuri, 94 na 95 ni 1. Kuchanganyikiwa kulikoanza sasa hivi ni 3 moja kwa moja. Jumla ya 5 yataka daktari aje upesi. 7 ni dharura. Na alama 3 kwenye kipimo kimoja yataka mgonjwa aangaliwe hata kama vingine vyote ni vizuri.

Mvuvi wetu ana alama 1 saa 3, alama 3 saa 6, alama 7 saa 9. Tazama hiyo ya katikati. Kwa jumla ya 3, mfumo wenyewe ungeridhika apimwe tena baada ya saa 4 hadi 6. Alama hupima mahali mtu alipo, hazipimi anakoelekea, na mtu wa usiku wa kwanza baada ya upasuaji ambaye mapigo, pumzi na pengo la presha vyote vimesogea upande mmoja hafai kusubiri asubuhi. Utaratibu wa kawaida ni kupima kila dakika 15 katika saa ya kwanza, kila dakika 30 kwa saa 2 zinazofuata, kila saa kwa saa 4, kisha kila saa 4. Namba zikianza kutembea, rudi kwenye dakika 15. Chati yetu ya mfano, yenye mapengo ya saa 3 usiku wa kwanza, ina kasoro kabla hata hujasoma namba zake.

Hina, ngozi, na "alhamdulillahi"

Mafunzo mengi ya kutazama mgonjwa yalianzia kwa ngozi nyeupe. Kwetu, ukosefu wa damu hutazamwa ndani ya kope la chini, kwenye ulimi na fizi, na viganjani. Lakini viganja vya mwanamke wa Lamu aliyetoka arusini vina hina, na kucha zake pia, kwa hiyo kope na ulimi ndivyo vya kutegemea. Kupima kasi ya damu kurudi, usibonyeze ukucha: bonyeza mfupa wa kifua kwa sekunde 5, uachie, rangi irudi ndani ya sekunde 2. Hina nyekundu kwa kawaida haiisumbui sana oksimita. Piko ndiyo yenye matatizo. Weusi wake unaweza kuzuia mwanga, kidude kikakataa kusoma au kikasoma namba isiyo kweli. Tafuta kidole kisichopakwa, au tumia kifaa cha sikioni kama kipo.

Hata pasipo piko, imethibitishwa kwamba oksimita huelekea kusoma juu kuliko hali halisi kwa watu wenye ngozi nyeusi. Namba 94 ikiandamana na pumzi 26 isimtulize mtu.

Ugumu mwingine ni wa adabu. Mwulize mzee wa Siyu au Matondoni, "Waonaje, babu?" Atajibu, "Alhamdulillahi." Angejibu hivyo hivyo hali ikiwa mbaya kupindukia. Ni shukrani, si taarifa. Basi uliza kinachojibika: "Babu, hebu kohoa kidogo. Ukikohoa pauma kiasi gani, kumi ikiwa ndiyo maumivu yasiyovumilika? Ukigeuka je? Usiku umepata hata lepe la usingizi?" Maumivu ya mtu aliyelala tuli hayasemi mengi. Maumivu ya kukohoa ndiyo yanayoamua kama kesho atakuwa na mapafu safi au nimonia.

Mgonjwa aliyekuwa mpole akaanza kuhangaika, kuvuta mipira, kutaka kushuka kitandani, asiitwe mkaidi. Fadhaa ni dalili. Na mke au binti akisema "leo si yeye," liandikwe, kwani yeye ndiye amjuaye alivyokuwa jana.

Kisha funua shuka. Bendeji iliyo juu ya kidonda inaweza kuwa kavu kabisa huku damu ikiteremka ubavuni na kujikusanya chini ya mgongo. Pitisha mkono uliovaa glavu chini ya kiuno. Kidonda kikivuja, zungushia doa mstari wa kalamu na uandike saa. Doa likivuka mstari, huna haja ya kubishana na mtu.

Si kila mapigo ya mbio ni damu

Kabla hujapiga simu, au msaidizi anapopiga, kuna mambo machache ya kuyatenga, na hayachukui dakika 5. Bonyeza taratibu chini ya kitovu: kibofu kilichojaa hupandisha mapigo na presha vyote viwili, na mgonjwa huwa anajikunja. Tazama mpira wa mkojo. Mkojo uliokatika ghafla kutoka 40 hadi sifuri mara nyingi ni mpira uliopinda au ulioziba. Mkojo ulioshuka 40, 25, 15 ni figo zinazokosa damu. Tofauti hii ni rahisi, lakini huonekana tu kama mkojo umekuwa ukipimwa kila saa, si kwa kumwaga mfuko asubuhi.

Pima sukari. Chini ya 4 (milimoli kwa lita) huleta jasho la baridi, mapigo ya mbio na kuchanganyikiwa, picha ileile ya mtu anayevuja damu. Gusa mikono na miguu: baridi na unyevu huelekeza kwenye damu kupungua, moto pamoja na homa na akili kuyumba huelekeza kwenye maambukizi yaliyoingia damuni, ingawa yakikomaa nayo huleta baridi, na joto chini ya 36 si habari njema. Maumivu ya kifua yaliyoanza ghafla pamoja na kukosa pumzi, hasa mguu mmoja ukiwa umevimba, hufanya ufikirie donge la damu mapafuni. Maumivu matupu hutulia dawa ikifanya kazi, na mapigo hushuka nayo. Yasiposhuka, hayakuwa maumivu matupu.

Kuna pia hatari iendayo upande wa pili. Mgonjwa aliyepewa mofini, dawa kali ya maumivu, hulala kwanza, pumzi hupungua baadaye. Anayesinzia katikati ya sentensi yafaa mtu akae naye hapohapo, hata kama bado anapumua mara 12. Pumzi zikifika 8 umechelewa.

Na mtu anayetetemeka, kutoka jasho na kuona vitu visivyokuwepo siku ya pili au ya tatu, mwulize nduguye pembeni kuhusu pombe ya mnazi. Mtu aliyezoea kunywa kila siku akakatiwa ghafla anaweza kufika kwenye degedege. Swali hili lapaswa kuulizwa siku ya kulazwa, pamoja na sigara, miraa na mugoka, kwa sauti ya chini na bila hukumu. Katika mji wa Kiislamu, likiulizwa mbele ya baba mkwe jibu litakuwa "hapana" daima. Miraa na mugoka nazo hupandisha mapigo na presha, kwa hiyo aliyekuwa akitafuna hadi saa ya kulazwa atakudanganya kwa namba zake za mwanzo.

Saa 9 na dakika 5

Mvuvi wetu alazwe chali, apewe oksijeni kwa barakoa yenye mfuko, lita 10 hadi 15 kwa dakika, lengo likiwa 94 hadi 98. Awe na kanula (mipira midogo ya kupitishia maji mshipani) mbili pana, za namba 16 au 18. Ile nyembamba ya mkononi haiwezi kupitisha maji kwa kasi inayotakiwa. Damu itolewe kwa ajili ya kupima wingi na kulinganisha kundi. Hapa wengi huteleza: kipimo cha wingi wa damu kikirudi 12, hutulia. Damu inapovuja, kinachobaki mishipani bado kina uzito uleule mpaka maji yakiingia kuizimua, kwa hiyo namba nzuri katika saa za mwanzo haikanushi kitu.

Kwa amri ya daktari au afisa wa kliniki, hupewa mililita 500 za dripu ya Ringer au ya maji ya chumvi ndani ya dakika 15, na 250 kwa mwenye moyo dhaifu, kisha hupimwa upya. Mapigo yakishuka na kupanda tena baada ya nusu saa, bado anavuja, na dawa yake iko thieta. Kuendelea kumjaza maji kunazimua damu na kumpoza mwili, na damu baridi iliyozimuliwa haigandi vizuri. Mfunike blanketi.

Simu kwa daktari iwe na mambo manne kwa mpangilio: kinachotokea sasa, historia fupi, unachokiona, unachotaka. "Daktari, mgonjwa wa ngiri wa leo jioni, kitanda cha nne, ana alama 7. Alikatwa utumbo, hana kisukari. Mapigo yametoka 92 hadi 116, pumzi 18 hadi 26, mkojo 15 kwa saa, tumbo limeanza kujaa. Nahofia anavuja ndani. Naomba uje sasa." Sentensi ya mwisho ndiyo inayoachwa mara nyingi, kwa adabu, na daktari aliyeamshwa hubaki kufikiri ameambiwa habari tu.

Bahari katikati

Kinachofanya Lamu iwe tofauti na hospitali ya bara ni maji. Mgonjwa akizidi uwezo wa Hospitali ya King Fahd, hushushwa gatini, huvushwa kwa boti hadi Mokowe, kisha ni barabara ya Witu na Garsen hadi Malindi, zaidi ya kilomita 200, na Mombasa iko mbele zaidi. Aliyeko Kiunga au Kizingitini ana safari nyingine kabla ya hiyo. Msimu wa kusi bahari huchafuka; maji yakipwa kuna mahali boti hungoja. Kwa hiyo uamuzi ambao Mombasa ungefanywa alama zikifika 7, hapa unafaa uanze kuzungumzwa zikiwa 3 na zinapanda. Kupiga simu mapema na mgonjwa akatulia si aibu.

Hesabu ya oksijeni hufanywa kabla ya kuondoka, si njiani. Mtungi wenye lita 680, ukitumia 10 kwa dakika, ni dakika 68. Safari ya saa 4 yataka lita 2,400. Ongeza nusu yake kwa ajili ya kuchelewa. Mfuko wa mkojo umwagwe na kupimwa kabla ya kumbeba, ubaki chini ya kiuno. Ukiwekwa juu ya tumbo lake kwenye machela, mkojo hurudi kibofuni. Kanula zifungwe kwa bendeji juu ya plasta, maana plasta iliyolowa maji ya chumvi huachia. Kwenye boti dripu haina pa kuning'inia, hushikwa na mtu. Matone hupungua mkono ukichoka, basi yahesabiwe. Lita moja kwa saa 8, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Kwa mpira wa matone 15 ni 31. Idadi ya matone kwa mililita imeandikwa kwenye pakiti ya mpira, na pakiti ndiyo hutupwa kwanza.

Siku zinazofuata

Aliyevuka usiku wa kwanza hukabiliwa na hatari za polepole. Mapafu hujaa makohozi kwa kutopumua kwa kina: akae nusu wima, akumbatie mto juu ya kidonda, avute pumzi ndefu mara 10 kila saa akiwa macho, akohoe. Bila dawa ya maumivu ya kutosha hatafanya hata moja, na kumkemea ni kazi bure. Ashuke kitandani kesho yake ikiwa hali inaruhusu; miguu isiyotembea hugandisha damu.

Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila saa 2. Kwenye ngozi nyeusi usisubiri wekundu juu ya kifundo cha nyonga au kisigino. Papasa kwa mgongo wa mkono, utafute joto, ugumu au ulaini usiolingana na ngozi ya jirani. Chakula huruhusiwa kwa amri, si kwa saa, na hili lielezwe kwa familia mapema kabla bakuli la wali na samaki wa kupaka halijafika.

Kidonda chenyewe huharibika zaidi kati ya siku ya 5 na ya 10, wakati ambao wengi wako nyumbani. Maji mekundu mepesi yanayotoka ghafla kwa wingi kwenye kidonda kilichokuwa kikavu si nafuu; ni onyo kwamba mshono wa ndani unaachia. Utumbo ukitokeza nje, usiurudishe. Mlaze mgonjwa magoti yakiwa yamekunjwa, ufunike kwa shashi safi iliyoloweshwa maji ya chumvi ya dripu, usimpe chochote mdomoni, na thieta ijulishwe.

Anaporuhusiwa kwenda, mvuvi asivute nyavu wala kubeba mtungi wa lita 20 kwa wiki 6. Nyuzi hutolewa kati ya siku ya 7 na ya 14 kadiri ya kidonda. Arudi upesi akiona usaha, homa, tumbo kujaa na kutotoa upepo, kutapika, mguu mmoja kuvimba, au maji mapya kidondani. Na kwa mtu wa Faza "upesi" ipewe maana: apande boti ya kwanza ya asubuhi baada ya dalili kuonekana, na nambari ya simu ya wodi iandikwe juu ya kadi yake kwa herufi kubwa, si nyuma ya fomu.